Jiwe Walilonawia Miguu

Mtu akirejea kutoka ng'ambo, aghalabu swali la kwanza analoulizwa ni kama bahari ya huko ni nzuri kuliko yetu. Nami nilipoingia katika chumba cha walimu mwanzoni mwa muhula wa tatu mwaka jana, nikiwa nimetoka Malaysia siku chache tu kabla ya hapo, swali hilo ndilo lililonilaki hata sijaketi. Wenzangu walitaka kuona picha za fuo. Picha ninazo, na fuo za jimbo la Terengganu si za kubezwa: mchanga mweupe, minazi iliyoinamia maji, na bahari ambayo asubuhi ni ya kijani na adhuhuri ni ya samawati. Lakini mchanga mweupe tunao kutoka Diani hadi Shela, na minazi hatujapungukiwa. Kitu nilichorejea nacho ni jiwe. Sikulitia mkobani, maana walinzi wa makumbusho wasingeniwia radhi. Nimelibeba kichwani, na hadi leo halijanitoka.

Nianzie mwanzo. Mpwa wangu anasomea uhandisi Kuala Lumpur, na kwa muda wa miaka miwili alikuwa akinisihi nimtembelee. "Mjomba," alikuwa akiniambia kwa simu, "njoo uione pwani ya Wamalay, utadhani hukutoka kwetu." Nilipojaliwa nauli, nilikwenda. Kumbe kijana alikwisha kupanga kwamba siku zetu zote ziwe za visiwani, kuogelea na kuota jua. Nikamwambia kuwa mimi ni mzaliwa wa Kilifi, maji ya chumvi nimeyanywa kabla ya uji, na kwamba sikusafiri masafa yale yote ili nikaloweshwe. Tuliafikiana nusu kwa nusu: siku mbili za mjini, siku mbili za pwani.

Terengganu ni jimbo lililo upande wa mashariki wa rasi ya Malay, kati ya Kelantan iliyo kaskazini na Pahang iliyo kusini. Pwani yake ndefu, yenye kilomita zaidi ya 200, inatazamana na Bahari ya Kusini ya China. Makao yake makuu ni Kuala Terengganu, na neno kuala maana yake ni mlango wa mto. Tulisafiri usiku kwa basi, tukaingia mjini alfajiri ya Ijumaa, na hapo ndipo mpwa wangu alipokumbuka kuwa katika jimbo lile mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Duka alilokuwa amenuia kukodi pikipiki lilikuwa limefungwa kwa kufuli kubwa. Sikumlaumu. Tulitembea kwa miguu, na atembeaye kwa miguu husoma vibao.

Vibao vile vilinisimamisha. Majina ya barabara, ya ofisi na ya maduka yameandikwa mara mbili: kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za Kiarabu. Maandishi haya ya pili Wamalay huyaita Jawi. Mpwa wangu, ambaye Kimalay anakizungumza si haba, hawezi kuyasoma. Mimi niliyewasili juzi nilikuwa nikiyasoma kwa sauti njiani, ijapokuwa maana ya niliyoyasoma ilinipita. Nilipambanukiwa pia kuwa baadhi ya herufi hazimo katika Kiarabu. Wamalay walipoipokea hati ile walikuta haina sauti zao kadhaa, kwa mfano ch, ng, p na ny, basi wakaongeza nukta juu au chini ya herufi zilizokuwapo hadi haja yao ikatimia. Mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kulitambua tatizo hili mara moja. Ndilo lililowasumbua waandishi wetu wa Lamu na Pate kwa karne nyingi, nao walilitatua kila mmoja kwa namna yake, na ndiyo sababu kusoma hati za tenzi za kale kunahitaji mtu aliyekwisha kuijua lugha kabla ya kuzijua herufi.

Siku ya pili tulikwenda Losong, nje kidogo ya mji, yaliko Makumbusho ya Jimbo. Majengo yake yamesimama juu ya nguzo kubwa, na mapaa yake marefu yenye ncha yamefuata umbo la kasri za kale za Terengganu. Humo mna vitambaa vya songket vilivyofumwa kwa nyuzi za dhahabu, mna majambia, na uani mna mashua kubwa za mbao zilizostaafu. Nilivipita vyote hivyo haraka, na bado ninaona aibu kidogo, maana songket peke yake ingetosha makala nzima. Nilikuwa nikilitafuta jiwe.

Wamalay huliita Batu Bersurat, yaani jiwe lenye maandishi. Si kubwa. Kimo chake hakifiki mita moja, na sehemu yake ya juu ilivunjika zamani ikapotea. Pande zake nne zimechongwa maandishi ya Jawi, nayo huhesabiwa kuwa miongoni mwa maandishi ya kale mno ya lugha ya Kimalay kwa herufi hizo. Yaliyoandikwa ni sheria: mambo ya madeni, ya zinaa, ya faini ambazo kila mtu atatozwa kwa kadiri ya cheo chake. Mwaka 2009 UNESCO ililiingiza katika orodha ya kumbukumbu za ulimwengu.

Tarehe yake ni kisa kitakachowafurahisha walimu wa lugha. Jiwe linataja mwezi wa Rajabu, kisha linataja mwaka wa mia saba na mbili wa Hijria, na hapo hapo ndipo palipovunjika. Kwa Kimalay mbili ni dua, na ishirini ni dua puluh. Je, neno puluh lilikuwapo katika kipande kilichopotea? Kama halikuwapo, mwaka ni 702, ambao ni 1303 wa Miladi. Kama lilikuwapo hilo au jingine mfano wake, jiwe ni la miaka mingi baadaye katika karne ile ile. Wataalamu wamelumbana sana. Mwaka 1970 Syed Muhammad Naquib al-Attas alitoa kitabu kizima kuthibitisha kuwa tarehe ni Februari 1303, na hiyo ndiyo inayotajwa zaidi leo. Hebu fikiri, msomaji: historia ya kuingia kwa dini na maandishi katika pwani nzima imening'inia kwenye neno moja ambalo huenda liliandikwa na huenda halikuandikwa. Wanafunzi wangu wanaposema kuwa sarufi haina faida, sasa nina jibu.

Jambo la pili lililonishughulisha ni jina la Mungu. Ndani ya sheria hizo za Kiislamu, aliyeyachonga maandishi hakutumia jina la Kiarabu peke yake. Mwenyezi Mungu ameitwa Dewata Mulia Raya, na neno dewata asili yake ni Kisanskriti, lugha ya dini zilizotangulia katika nchi ile. Naam, dini mpya ilifika ikavaa nguo zilizokuwamo nyumbani. Waswahili hawakufanya vingine waliposwali kwa Kiarabu na bado wakaendelea kumwita Mola wao kwa jina la Mungu, neno la Kibantu lisilotoka Bara Arabu.

Lakini lililonipiga kabisa ni kisa cha jinsi jiwe lilivyopatikana. Mwaka 1887 mfanyabiashara mmoja, Sayyid Husin bin Ghulam al-Bukhari, alikuwa katika kijiji kimoja cha bara, upande wa Kuala Berang. Hapo penye msikiti mdogo aliona jiwe ambalo watu walikuwa wakilikanyaga wanapotawadha. Lilikuwa ni jiwe la kunawia miguu. Walikuwa waumini, walikuwa wakijitoharisha kwa ajili ya sala, na chini ya nyayo zao kulikuwa na sheria za dini yao wenyewe zilizochongwa na babu zao karne tano au sita kabla ya hapo. Hakuna aliyekuwa na dharau. Hawakujua tu. Mfanyabiashara aliwaomba jiwe lile, akampelekea Sultani, nalo likawekwa juu ya kilima cha Bukit Puteri kilicho kando ya mto mjini. Katika miaka ya 1920 Waingereza walilihamishia Singapore. Baadaye lilikaa Kuala Lumpur, na haikuwa hadi miaka ya 1990 ndipo liliporejeshwa katika jimbo lake.

Nilisimama mbele ya kioo kwa muda mrefu, hata mpwa wangu akatoka nje kununua maji na akarudi akanikuta papo hapo. "Mjomba, umeliona basi," alisema. Kuliona nilikuwa nimeliona. Nilikuwa nikiwaza ni mawe mangapi tunayonawia miguu sisi. Hati za tenzi zilizoandikwa kwa mikono na wazee wa Lamu, Pate na Mombasa, sehemu kubwa iko London katika chuo cha SOAS, na mtafiti wa Kenya anayetaka kuzigusa sharti aombe viza. Nyingine zimo majumbani mwetu, ndani ya masanduku, zikiliwa na mchwa, kwa sababu wajukuu wanadhani kila kilichoandikwa kwa herufi zile ni hirizi.

Baada ya hayo tulihitaji chakula. Karibu na soko la Pasar Payang mama mmoja alitupakulia nasi dagang. Nasi ni wali. Wenyewe hupikwa kwa tui la nazi na kutiwa uwatu, na huliwa kwa mchuzi wa samaki ambaye ukimwonja utamtambua: ni jodari. Nilipomsalimu mama huyo kwa maneno mawili niliyofundishwa, "Apa khabar?", nilijihisi ninamuuliza habari, na kwa hakika ndilo neno lenyewe. Tuliketi tukaanza kuhesabu na mpwa wangu: dunia ni dunia, sabun ni sabuni, kertas ni karatasi, waktu ni wakati, meja ni meza, bendera ni bendera, nanas ni nanasi, limau ni limau. Tahadhari, lakini. Wapo wanaokimbilia kusema kuwa Wamalay ni Waswahili waliopotea. La hasha. Wao na sisi tulikuwa wateja wa wafanyabiashara wale wale. Mwarabu na Mreno walizipitia fuo zote mbili, wakaacha huku na huko maneno yale yale. Isipokuwa neno moja, ambalo nitalifikia, ambalo asili yake ni huko huko na sisi ndio tuliolipokea.

Na mashairi? Kila mwanafunzi wa kidato cha pili anaijua tarbia: mishororo minne, ukwapi na utao, vina vya kati na vya mwisho. Wamalay wanayo pantun, nayo ni ya mishororo minne. Vina vyake hupishana, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Mishororo miwili ya kwanza huchora picha tu, labda ya ndege au ya mto, na msikilizaji hungoja; maana halisi huja katika miwili ya mwisho. Mwaka 2020 Malaysia na Indonesia ziliiandikisha kwa pamoja katika orodha ya urithi ya UNESCO. Nawashauri walimu wenzangu wawape wanafunzi zoezi la kutunga kwa mtindo huo kwa Kiswahili. Nimejaribu. Ni gumu kuliko linavyoonekana.

Mwangoni mwa mto kuna kisiwa cha Duyong. Duyung ni nguva, yule mnyama wa baharini ambaye Waingereza wamemchukulia jina kutoka Kimalay, na ambaye huko kama hapa mabaharia walimtungia hadithi za mwanamke nusu samaki. Kisiwa hiki sifa yake ni uundaji wa vyombo. Mafundi wa Duyong huunda mashua kubwa kwa mbao za mti wa cengal, mgumu kama mvule au zaidi, bila ya ramani ya karatasi. Huanza na mkuku, kisha hupanga mbao za ubavuni moja juu ya moja na kuziunga kwa vigingi vya mti, na kati ya ubao na ubao hutia vipande vya gome jembamba la mti wa gelam, ambalo likilowa maji huvimba na kuziba. Mataruma, ambayo ndiyo mbavu za chombo, hutiwa baadaye, wakati mwili umekwisha kusimama.

Tulimkuta fundi mzee katika kibanda cha mabati, amechutama ndani ya tumbo la chombo ambacho hakijapata sitaha. Mpwa wangu alimwita Pak Cik, kama vijana wa huko wanavyowaita wazee wasiokuwa ndugu zao, naye akateremka kutusalimu. Mafundi wa aina yake wamepungua mno kisiwani. Mashua za uvuvi siku hizi ni za faiba, na mbao za cengal zimekuwa ghali. Aliposikia kuwa nimetoka pwani ya Afrika ya Mashariki, macho yake yalichangamka, akauliza swali ambalo mpwa wangu alilifasiri hivi: "Mafundi wa kwenu huanza na mbao au huanza na mbavu?"

Sikuwa na jibu. Nimezaliwa pwani, nimefundisha fasihi ya pwani miaka kumi na saba, majahazi na mashua nimezisomesha katika mashairi hadi zikanikifu, na sikujua jahazi huanzia wapi. Mzee hakunicheka, labda kwa adabu. Alitikisa kichwa tu akarejea kazini, na sauti ya nyundo yake ilitusindikiza hadi darajani.

Misikiti ya Terengganu imesifiwa na wengi, nami sitaongeza mengi. Ule wa Tengku Tengah Zaharah, uliofunguliwa mwaka 1995 katika wangwa wa Kuala Ibai, ni mweupe na umejengwa juu ya maji, na jioni upepo unapotulia huonekana miwili, mmoja juu na mmoja chini. Ule wa vioo na chuma ulioko kisiwa cha Wan Man ulifunguliwa mwaka 2008, na jirani yake kuna bustani yenye vielelezo vidogo vya majengo maarufu ya Kiislamu, kama vile Taj Mahal na Alhambra. Watalii hujaa hapo. Kwa maoni yangu, mtu aliyekwisha kuliona jiwe la Losong hana haja ya kuiona Alhambra ya kupimwa kwa futi.

Siku ya tatu tulielekea kusini kwa basi, mwendo wa takriban kilomita 60, hadi ufuo wa Rantau Abang. Hapa ndipo nitakapoomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu ufuo huu una jina kubwa na hauna kitu.

Kuna kasa mmoja mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hana gamba gumu kama wenziwe; mgongo wake ni kama ngozi, una matuta marefu kutoka shingoni hadi mkiani. Wamalay humwita penyu belimbing. Penyu ni kasa, na belimbing ni tunda lenye matuta ubavuni. Hilo ndilo neno nililoahidi: mbilimbi uliopandwa nyuma ya nyumba za Mombasa, ambao matunda yake machachu bibi zetu huyatia katika achari, ni ndugu wa mti huo, na jina lake lilisafiri pamoja na mbegu kuvuka Bahari ya Hindi. Basi kasa huyu wa mabilimbi alikuwa akija Rantau Abang kutaga kila mwaka. Mwaka 1956 viota vilivyohesabiwa katika pwani ya Terengganu vilizidi 10,000. Mwaka 1995 vilikuwa 37. Katika miaka iliyofuata vilihesabiwa kwa vidole, na ikapita misimu mizima bila ya hata kimoja.

Ilikuwaje? Mayai yalikuwa chakula. Haki ya kuyaokota ilitolewa kwa leseni, na kwa miaka mingi karibu yote yaliyotagwa yaliishia sokoni. Jambo baya ni kuwa kosa hili halionekani upesi. Kasa huchukua miaka mingi kupevuka, kwa hiyo mama wanaopanda ufuoni mwaka huu wametokana na mayai ya zamani sana. Watu wakiyala mayai yote leo, kesho bado watawaona kasa tele na kuambiana kuwa hakuna lililoharibika. Nyavu za meli za uvuvi nazo ziliwazamisha waliokwisha kukua. Fauka ya hayo, watalii walifanywa waje kwa maelfu katika miaka ya 1970 na 1980, wakawamulika kasa kwa tochi, na wapo waliowapanda mgongoni ili wapigwe picha.

Serikali haikuketi. Tangu miaka ya 1960 baadhi ya mayai yalifukiwa katika vitalu vyenye ulinzi ili yaanguliwe salama. Hapa pana somo la sayansi ambalo natamani kila mwalimu wa bayolojia alifundishe. Jinsia ya kasa haiamuliwi na mbegu ya baba bali na joto la mchanga: mchanga ukiwa baridi kidogo hutoka madume, ukizidi takriban nyuzi 29 hutoka majike. Vitalu vilikuwa mahali pa jua. Watafiti walipokuja kuchunguza katika miaka ya 1980 na 1990, waligundua kuwa vifaranga waliokuwa wakitoka humo walikuwa majike watupu. Watu wema, wenye nia njema, walikuwa wamelea kizazi cha mabinti wasiokuwa na wa kuwaoa.

Kuuza mayai ya kasa huyu kulipigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1980. Mayai ya kasa wa aina nyingine yaliendelea kuuzwa hadharani, na marufuku ya mayai yote katika Terengganu ilianza kutumika mwaka 2022. Jinsi nilivyoona sokoni, hata hivyo, kasa bado anauzwa: picha yake iko katika fulana, katika vikombe, katika vishikio vya funguo.

Tulikaa ufuoni usiku ule, mimi na mpwa wangu, tukiwa tumezima simu. Mwezi ulikuwa mchanga, mawimbi yalikuja na kurudi. Mwenyeji wa nyumba tuliyolala, mtu wa makamo, alikuja akaketi nasi kidogo. Alitusimulia kuwa utotoni mwake alikuwa akitumwa na mama yake kufukuza mbwa wasichimbe viota, na kwamba usiku wa namna ile walikuwa wakiwasikia kasa kabla ya kuwaona, kwa jinsi walivyokuwa wakihema. Nikamuuliza kama yeye pia aliyala mayai. "Kila asubuhi," alijibu. "Yalikuwa mengi." Kisha akatuaga akaenda kulala. Hakuja kasa. Hata hatukutarajia.

Visiwa navyo niliviona, ili mpwa wangu asinung'unike. Kutoka Marang mashua hufika Kapas kwa muda wa robo saa hivi. Kapas ni pamba, na ukiuona mchanga utajua kwa nini. Perhentian, jina ambalo maana yake ni kituo cha mapumziko, kipo mbali zaidi kaskazini, nacho tulikiacha. Redang ni kizuri, ila ufuo wake uliobora hutaruhusiwa kuutembelea kwa starehe: ni Chagar Hutang, ambao tangu 1993 watafiti wa chuo kikuu cha huko wanalinda viota vya kasa wa kijani, na mgeni huingia kwa kujitolea kufanya kazi tu. Nimeona huo ndio utalii wenye akili. Kwa mbali mashua ilitupitisha mkabala na njia ya kwenda Bidong, kisiwa kidogo ambacho kati ya 1978 na 1991 kilipokea wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Vietnam, wakati mmoja wakisongamana humo watu 40,000. Sisi tuliozoea kusikia habari za Dadaab tungelielewa jambo hilo bila ya mkalimani. Mwenye kutaka kwenda visiwani asiende kati ya Novemba na Februari. Pepo za kaskazini-mashariki huchafua bahari na hoteli hufungwa. Wenyewe huita musim, nasi tunasema msimu.

Sasa nirudi katika chumba cha walimu. Kila mwaka shule zetu hukodi mabasi kwenda Mombasa. Wanafunzi huteremshwa Fort Jesus, hupewa dakika arubaini, hupigwa picha juu ya mizinga, kisha hupelekwa ufuoni kula chipsi. Nimeziongoza safari hizo mara tano au sita na sikumbuki mwanafunzi aliyerejea na swali. Wala simlaumu, kwa kuwa hakuondoka nalo. Mwalimu mwenyewe hakuwa nalo. Mimi swali nilipewa na mzee wa Duyong, umbali wa maelfu ya kilomita kutoka nyumbani, kwa gharama ya nauli ambayo bado ninailipa.

Jumamosi ya pili ya muhula niliwachukua wanafunzi thelathini wa kidato cha tatu, kwa miguu, hadi kwenye ukingo wa mkono wa bahari wa Kilifi, mahali ambapo fundi mmoja mzee huunda na kutengeneza mashua chini ya mkwaju. Nilikuwa nimewakataza kupiga picha kwa saa ya kwanza. Nilimwamkia mzee shikamoo, nikamwambia swali langu. Alisema kuwa yeye hutia mataruma machache ya kuongoza umbo, kisha hupanda na mbao, kisha hurudi kutia mataruma yaliyobaki, lakini kwamba marehemu baba yake hakutia hata moja hadi mbao zimefika kimo cha goti. Alituonyesha kwa kiganja. Akatuonyesha pia pamba iliyolowekwa mafuta anayoikalafatia, nami nikawasimulia wote habari ya gome la gelam, akataka kujua linauzwa wapi.

Msichana mmoja aliyekuwa kimya asubuhi yote alimuuliza ni kwa nini aliacha njia ya baba yake. Mzee aliweka chini patasi, akatafuta mahali pa kukaa, na tukajua kuwa hatutarudi shuleni saa sita.